Kaya Moja ya Bambo Melkior

Dada Getrude aliuliza swali rahisi, na Bambo Melkior, mkubwa wa ukoo wetu, akajibu ukweli mtupu. Balaa lote lilianzia hapo.

"Mzee, kaya ni watu wanaolala pamoja na kula pamoja. Kwako mko wangapi?"

Bambo akageuka. Akatutazama tulivyojazana nje ya kigango, wakubwa kwa wadogo, na magodoro yetu yaliyolowa tope. Akamrudia Getrude.

"Wote hawa."

"Wote?"

"Na yule aliyekwenda chooni."

Getrude alikuwa binti wa Songea, amevaa kile kizibao cha mifuko mingi wanachovaa watu wa lile shirika la misaada. Kila aliyetoka kwao alikivaa, hata dereva, kwa hiyo sisi tuliwaita Vizibao na mambo yakaishia hapo. Hakucheka, hakushangaa. Akabonyeza kishikwambi chake: kaya moja, watu hamsini na kitu, mkuu wa kaya Melkior. Akatupiga picha, akatuaga vizuri, akashuka kuelekea Namswea.

Sasa, mtu mwingine yeyote Tanzania hii angeulizwa vile angesema "tuko watano" na maisha yangeendelea. Lakini Bambo hakudanganya hata kidogo. Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha kama vile huko juu kuna mtu kasahau kufunga bomba, na Jumapili upande mzima wa mlima wetu ukaporomoka. Tulikuwa wote kigangoni kwenye ibada, hata walevi, maana ilikuwa zamu yao ya kufagia. Tulipotoka, nyumba hazipo. Aliyekufa ni nguruwe wa Pankras peke yake, ambaye hakuwa na tabia ya kuhudhuria.

Nyumba iliyobaki ilikuwa ya Bambo, pale chini karibu na uwanja wa mpira. Basi usiku tukawa tunalala kigangoni, na kula tunakula uani kwa Bambo. Wamatengo tunaiita sengu. Kila mama anapika alichonacho, anakileta uani, wanaume mkeka wao, wanawake na watoto mikeka yao, tunakula vyote pamoja, na kama kuna la kusemwa linasemwa hapo hapo mkono ukiwa bado na ugali. Zamani ilikuwa ndiyo maisha. Miaka ya karibuni ilishaanza kufa, kila mtu na sebule yake na televisheni yake ya sola. Mlima ulipotunyang'anya sebule, tukarudi mkekani bila hata kuitana.

Kwa hiyo tukaandikwa kaya moja. Na wiki iliyofuata lori la Vizibao likaja likashusha mgawo wa kaya moja: hema moja, ndoo moja, sufuria mbili, mfuko wa unga.

Ng'ambo ya kijito, ukoo wa kina Mansuetus, watu wachache kuliko sisi, walishushiwa mahema mpaka uwanja wao ukawa kama umeota uyoga. Wakasimama ng'ambo wanatuangalia.

"Jamani," Mansuetus akapaza sauti, "hilo hema mtaingia kwa zamu au mtaingiza miguu tu?"

"Tutaingiza wakwe," nikamjibu. "Sisi tutalala kwenu."

Nilicheka, lakini mke wangu Scolastika hakucheka. Mtoto wetu Hildegardi alikuwa na miezi michache na alikuwa anakohoa tangu siku ile ya mlima. Ukuta wa kigango ulikuwa umepasuka kutoka dirishani mpaka chini, na mtendaji wa kijiji alishasema tutoke kabla haujatuangukia. Mvua za masika ndiyo kwanza zilikuwa zinakolea.

"Norbert," akaniambia, "utani hauezeki nyumba."

Bwana William, mkubwa wa Vizibao, alikuja mwenyewe siku mbili baadaye. Alikuwa mtu wa kaskazini, mpole, anawaita watu "wapendwa" hata anapowapa habari mbaya. Tulimpa kiti, akakaa, akaweka kishikwambi magotini.

"Wapendwa, kuna kosa dogo. Ninyi si kaya moja. Ninyi ni kaya nyingi. Baba, mama, watoto, basi, hiyo ni kaya. Tukiwaandika hivyo kila mmoja anapata hema lake."

Tukapiga makofi. Kweli kabisa, tulipiga makofi. Scolastika alikuwa wa kwanza.

Wakaanza kutuandika upya. Mimi, mke, mtoto: kaya. Pankras, mke, watoto: kaya. Bambo na mke wake: kaya. Kazi ikaenda vizuri mpaka wakafika kwa mama mdogo Agripina.

Huyu ni mjane wa marehemu baba mdogo Valeriani. Alitoka Liuli, kule ziwani, akaletwa huku milimani akiwa msichana, na mpaka leo akisikia baridi anatutukana sisi kana kwamba ndio tunaoitengeneza. Hakujaliwa watoto. Kajaliwa mdomo.

"Mama, unaishi na nani?" Getrude akamuuliza.

"Na hawa washamba."

"Una uhusiano gani nao? Hapa kuna mume, mke, mtoto, mzazi."

"Mume amekufa. Mke ni mimi. Hayo mengine waulize wao."

William akaingilia, kwa upole. Mtu mzima asiye na mume wala mtoto wala mzazi ni kaya ya mtu mmoja. Na kaya ya mtu mmoja, tena mama wa umri ule, haiachwi na hema peke yake kwenye eneo la hatari. Anapelekwa kituoni Mbinga mjini, kwenye ukumbi, anatunzwa huko mpaka wapatikane ndugu zake wa damu.

"Ndugu zangu wa damu wako Liuli," Agripina akasema. "Ziwa limepanda mwaka huu, limeingia ndani. Sasa hivi kwa kaka yangu samaki ndio wanaolala sebuleni. Nipelekeni nikawe jirani na usipa."

Watu wakacheka. Bambo hakucheka.

"Mwanangu William, huyu ni wetu."

"Ni wenu kimila, mzee. Kwenye mfumo hayupo."

"Huo mfumo ni wa ukoo gani?"

William akatabasamu kidogo, akaangalia chini. Akasema atarudi Alhamisi na lori. Atakagua kila kaya: iwe na mafiga yake, chungu chake, na inakula penyewe. Akikuta tunakula kundi zima kama mwanzo, atajua kaya zetu ni za uongo, atafuta majina yote, na mahema yatakwenda kwa wengine wanaosubiri, maana wako wengi. Kisha akamgeukia Agripina. Na yeye Alhamisi hiyo hiyo atapanda gari. Kitu kimoja tu: kituoni hawampokei mtu mpaka atamke mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba hana mtu wa kumtunza.

"Nitamke?"

"Ni utaratibu, mama."

Agripina akajifunga khanga upya kiunoni.

Jioni kwenye sengu hakuna aliyekuwa na hamu ya maharage. Bambo akasema haya, semeni.

Pankras akasema mvua hii haina adabu. Mwingine akasema mtendaji keshatupa siku. Macho yote yakawa yanamkwepa Agripina, na Agripina akawa anaosha mikono ambayo ilishatakata.

"Mnanionea haya mimi?" akasema. "Nakwenda. Mjini kuna umeme. Nitakaa ukumbini naangalia tamthilia, ninyi mkipigwa na baridi. Andikeni mahema yenu."

Ndipo nikatoa mpango wangu, na nilikuwa najiona nina akili sana. Nilisema hiki ni kitu cha mchana mmoja. Alhamisi kila mtu awashe moto wake, tuigize. Mama mdogo apande gari, aseme hayo maneno wanayoyataka, maneno hayatoboi mtu. Mahema yakishashushwa, wiki ijayo mimi mwenyewe nakwenda Mbinga na pikipiki, namrudisha. Hema tunalo, mama mdogo tunaye, Vizibao wana picha zao.

Watu wakapumua. Mpango ulikuwa mzuri. Hata sasa nikiufikiria naona ulikuwa mzuri.

"Na wewe, mama Hildegardi?" Bambo akamuuliza mke wangu.

Scolastika alikuwa anampigapiga mtoto mgongoni. "Mimi nataka hema," akasema. "Sitasema uongo. Nalitaka hema kuliko mtu yeyote hapa."

Yakaisha hivyo.

Alhamisi lori likashuka taratibu mpaka uwanja wa mpira. Tadei dereva tulimfahamu, zamani alikuwa anaendesha fuso la mahindi pale Kitai na hakuna abiria wa njia ile ambaye hajawahi kumdandia. Nyuma kulikuwa na mahema yamefungwa kamba, mengi, ya bluu. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima kama mtu aliyekuja kudai.

Tulikuwa tumejipanga kuzunguka uwanja wote. Kila mahali moto, kila moto na mama yake, kila mama na uso wa msiba. Uani kwa Bambo hakuna mkeka hata mmoja. William akawa anapita moto kwa moto, Getrude nyuma yake anabonyeza.

"Karibu sana, Bwana William," nikasema alipofika kwangu. "Hii ndiyo kaya yangu. Huyu mke wangu, huyu mtoto wangu, haya maharage yangu. Hawa wengine siwafahamu."

"Usizidishe," Scolastika akanong'ona.

Aliyezidisha ni Pankras. Kabinti ka dada yake, kana miaka kama mitatu, kakatembea kama kawaida yake kwenda kwenye sufuria yoyote yenye harufu nzuri, na siku hiyo ilikuwa ya Pankras. Naye kwa kutaka kumwonyesha mkaguzi akakapigia kelele: "Nenda kwenu ukale!" Kale katoto kakasimama. Kakaangalia huku, kakaangalia kule. Kalikuwa hakajawahi kuambiwa maneno hayo tangu kazaliwe, na hakakujua kwao ni upande gani. Kakaanza kulia, na si kilio cha kuigiza.

William akaandika: kaya ya Pankras, sawa.

Akamaliza mzunguko. Akaenda kwenye lori, ambako Agripina alikuwa ameshapandishwa mbele, kifurushi magotini, mlango wazi. William akatuita tusogee, tuwe mashahidi.

"Mama, samahani, ni utaratibu. Naomba useme kwa sauti. Jina lako, na kwamba huna mtu."

"Agripina," akasema.

"Ndiyo mama. Endelea."

Kuni zikapasuka motoni.

"Agripina," akasema tena. Akafungua mdomo, akaufunga. Mdomo ule, ambao uliwahi kumfukuza mbwa wa polisi. Akaangalia mlima. "Mimi si... Mimi kwetu..."

"Taratibu tu, mama. Sema: sina mtu."

Nikasikia chuma kikigonga jiwe. Scolastika alikuwa ameinua sufuria yetu kutoka mafigani. Hakutafuta kitambaa, aliishika kwa pindo za khanga, mtoto mgongoni, akakata uwanja katikati. Akampita William hivi, bega kwa bega, mvuke wa maharage ukampiga usoni yule bwana. Akaingia uani kwa Bambo. Akaiweka chini.

"Mama mdogo!" akaita. "Chakula."

"Scola," nikasema, "hema."

"Nimeliona."

"Mama," William akasema, "mama mpendwa, rudi kwenye kaya yako."

"Ndiyo nimerudi."

"Huyu mama amewasaidia nini mpaka mpoteze kila kitu? Niambieni, labda kuna mazingira maalum, niandike."

Scolastika akasimama wima. "Hajanisaidia kitu. Usiandike hadithi. Hajaniokoa kwenye tope, hajanizalisha. Ugali wangu anasema ni plasta ya ukuta. Mwaka jana tumegombana kuhusu jogoo na mpaka leo sijamsamehe. Lakini anakula hapa. Wewe unataka aseme hana mtu, wakati mimi nimesimama hapa na miguu yangu miwili? Mimi nitakuwa nani sasa? Mzimu?"

Mke wa Pankras akainua chungu chake. Halafu mke wa Bambo, mzee wa watu, na kikapu cha ugali. Halafu wote. Moto ukabaki unawaka uwanjani bila wenyewe, na vyungu vikawa vinakwenda upande mmoja kama vinaitwa. Wanaume tukafuata mikeka. Pankras akakabeba kale kabinti begani na kukakalisha mbele ya sufuria ambayo dakika chache nyuma ilikuwa si ya kwao.

"Nafuta," William akasema. Hakupiga kelele, hilo nampa. "Nisikilizeni. Mkikaa hapo, nafuta majina yote."

"Futa, mwanangu," Bambo akasema. "Ila nawa kwanza, chakula kinapoa."

"Mzee, sitanii."

"Na mimi simtanii mtu mwenye njaa. Futa."

Akabonyeza. Akabonyeza tena, na mara ya tatu, maana kile kishikwambi kilimuuliza kama ana uhakika. Akatuonyesha kioo kitupu. Hatukuwepo tena.

Nitasema kitu kimoja kuhusu maharage ya siku ile: yalikuwa matamu. Mtu ukishapoteza kila kitu, chumvi inakuwa ya kutosha. Dada Getrude akasimama kidogo karibu ya lori, akaangalia mkeka wa wanawake, akavua kile kizibao, akakiweka kwenye kiti cha gari, akaja akanawa. Hakuna aliyemwuliza. Wakasogea, akakaa. Tadei yeye hakusubiri hata kukaribishwa, alishafika tonge la nne.

"Bwana William," nikaita, mdomo umejaa. "Kwa kanuni yako, anayekula hapa ni wa kaya hii. Sasa karani ni wetu na dereva ni wetu. Umebaki wewe na kile kizibao kwenye kiti."

Watu wakaangua kicheko. William akaangalia saa yake.

Mvua ikaanza bila kupiga hodi.

Ikamwagika yote. William akakimbilia kwenye gari, akamwita Tadei, akamwita Getrude, twende, twende kabla njia haijaharibika. Getrude hakutoka mkekani; Tadei akanawa taratibu, akapanda, Agripina bado amekaa mbele na kifurushi chake, akawasha. Njia ya kutoka uwanjani ni ule mpando wa udongo mwekundu, na udongo wetu ukilowa ni sabuni. Lori likapanda kidogo, matairi yakaanza kuzunguka bure, likarudi kinyumenyume, likakaa upande. Akajaribu tena. Likazama zaidi. Tope likaruka mpaka kwenye mahema.

Tadei akatoa kichwa dirishani. "Bosi, bila watu kusukuma halitoki. Na bila kupunguza mzigo, hata wakisukuma halitoki."

William akashuka. Viatu vikazama, kimoja kikabaki chini akakivuta kwa mkono. Akaja mpaka ukingo wa ua wetu, maji yanamchuruzika puani. Sisi tulikuwa tumejikunyata chini ya upenu wa nyumba ya Bambo na chini ya lile hema moja, tumelishika kwa mikono kama mwavuli.

"Wapendwa," akasema. "Naomba mtusaidie kusukuma."

Hakuna aliyenyanyuka.

"Wapendwa?"

"Bwana William," nikasema, "unaongea na nani?"

"Na ninyi."

"Sisi hatupo. Umetufuta. Gari linasukumwa na watu, na kwenye mfumo wako hapa hakuna watu, kuna mvua tu."

Nilisubiri Bambo anikemee. Hakunikemea. Alikuwa anachokoa meno, ametulia kabisa.

"Mtatuacha tulale hapa?"

"Sisi tunalala hapa tangu mwezi uliopita," Scolastika akasema.

Ndipo mlango wa lori ukafunguka. Agripina akatoa mguu mmoja, akapapasa ngazi, akashuka, kifurushi kichwani, mvua inampiga.

"Dereva kasema mzigo upunguzwe," akasema. "Mimi wa kwanza."

Akatembea mpaka uani bila kuharakisha. Wanawake wakampokea kifurushi, akakaa mkekani, akavuta sahani ya Scolastika, akaonja.

"Yamepoa," akasema. "Na bado mmeyaunguza."

William akasimama pale. Nadhani alikuwa anasubiri mvua ipungue ili apate kufikiri, lakini mvua ya kwetu haina huruma ya namna hiyo. Aliyezungumza ni Getrude, na alizungumza kutoka mkekani, hakuinuka.

"Bosi, mfumo unakubali kaya kubwa. Kaya ikiwa na watu wengi, mahema yanatolewa kwa hesabu ya watu. Uliniambia mwenyewe mwanzoni nisipeleke hiyo hesabu ya watu."

"Getrude."

"Ulisema makao makuu wakiona kaya ya watu hamsini watauliza maswali."

Tukamtazama William, wote. Alikuwa amelowa mpaka anatia huruma. Kumbe ndiyo hiyo tu. Siku zote zile, Hildegardi anakohoa, ukuta umepasuka, mama mdogo anafungashwa kama mzigo wa posta, kisa mtu mmoja anaogopa kupigiwa simu.

"Nitaulizwa," William akasema polepole. "Hamjui ninyi. Nitaulizwa kila kitu. Hii haifanani na chochote walichozoea. Watasema nimedanganywa, au nimekula njama."

"Kuulizwa hakuui," Bambo akasema. "Mimi niliulizwa, nikajibu."

"Mzee, mimi nina kazi, nina bosi."

"Na mimi nina watu. Sasa sikiliza, mwanangu. Hatutaki kukuibia gari, wala hatutaki mahema ya wizi. Ukitaka kuondoka nayo, shuka uyabebe mwenyewe moja moja mpaka juu, hatutakuzuia, tutakuhesabia. Lakini ukitaka mikono yetu, tuandike kwanza. Kama tulivyo. Kaya moja."

Upepo ukageuka, mvua ikaingia upenuni. Hildegardi akakohoa. William akamwangalia yule mtoto, halafu akaangalia lori lake lililolala upande, halafu akavua kizibao chake akakikamua, sijui kwa nini, maana kililowa tena hapo hapo.

"Leta kishikwambi," akamwambia Getrude.

Wakakaa chini ya lile hema tulilolishika. Bambo akamsimamisha Scolastika nyuma ya bega la William asome kila neno kwa sauti. Mke wangu alimaliza kidato cha nne na sauti yake inafika ng'ambo ya kijito.

"Kaya moja," akasoma. "Mkuu wa kaya, Melkior." Akaendelea jina kwa jina, na kila aliyetajwa akaitika kama shuleni. Wakafika kwa mama mdogo.

"Agripina," William akasema. "Hapa lazima nichague. Mke, mtoto, mzazi, au mwingine. Niweke mwingine?"

"Mwingine nani?" Agripina akafoka kutoka mkekani. "Mimi si mwingine!"

"Mzazi," Scolastika akasema.

"Mzazi wa nani?" William akauliza.

"Wangu. Weka."

William akaweka. Agripina akatafuna tonge lake.

"Mzazi wako," akasema baadaye. "Kumbe. Basi yule jogoo alikuwa wangu."

"Hakuwa wako."

"Mzazi hagombani na mtoto. Alikuwa wangu."

Tukashusha mahema. Tulipanga mstari kutoka lori mpaka uani, yakapita mkono kwa mkono, hamna aliyechagua la kwake. Halafu tukaenda kusukuma. Kaya nzima. Wanawake upande wa kushoto, wanaume kulia, watoto wanaweka majani na mawe nyuma ya matairi. William alisukuma na yeye, katikati yangu na Pankras, na lori lilipochomoka alianguka kifudifudi. Tukamwinua. Alikuwa mwekundu mpaka kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza sikuona kizibao, nikaona mtu.

Kule juu, kabla hajafunga mlango, akasema alichotakiwa kusema, na akakisema bila "wapendwa".

"Watakuja. Kutoka Songea, labda Dar es Salaam. Watataka kuhakiki. Wakikuta mnakula mbalimbali watasema niliwaandika uongo. Wakikuta mnakula pamoja watasema ni maigizo. Kwa vyovyote watawasumbua, na mimi watanisumbua zaidi. Naweza nikaambiwa niyachukue tena."

"Uje na lori gani?" Tadei akasema, akatia gia.

Ng'ambo, kina Mansuetus walikuwa wametoka kwenye uyoga wao wanaangalia. Mansuetus akapiga yowe kutuuliza mahema yote yale tumeyapataje, na sisi si tulifutwa?

Nilitaka kumjibu kitu cha kuchekesha, nilikuwa nacho tayari mdomoni. Bambo akanitangulia. Hakuongea na Mansuetus. Alikuwa bado anaangalia lori likiishia kwenye kona, maji yanamtiririka kwenye ndevu, na aliliambia lile lori, na Songea, na Dar es Salaam, kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo.

"Waje! Waje mchana, saa ya chakula!"

Tukashuka. Mvua ilikuwa haijakatika na mahema hayakuwa yamesimikwa hata moja, na moto wote uwanjani ulishazimika.